Umelala wapi?

Boti ya Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka mlango wa bandari ya Dar, soko la samaki la Feri mkono wa kushoto, Kigamboni mkono wa kulia, nikapiga picha ya maji nikaitupia status. Sikuandika mengi. "Tunavuka," basi. Saa moja na dakika kumi asubuhi, upepo unapiga, mkononi nina chapati ya Magomeni iliyofungwa kwenye gazeti, miguuni nina mfuko wa vitunguu kilo tano. Roho nyeupe kabisa.

Chapati sijaimaliza, simu ikatetemeka. Shangazi.

"Umelala wapi?"

Maneno mawili. Hakuna habari za safari, hakuna kumbe umeshuka. Ukiwa na shangazi wa aina yangu unajua hapo hujaulizwa, umeshtakiwa. Mimi naishi Iringa. Mtu wa Iringa, kama hakusafiri usiku kucha, hawezi kuwa ndani ya boti ya saa moja asubuhi bila kulala Dar. Na Dar yupo yeye, Chamazi, tangu Chamazi ikiwa mikorosho.

Nikaandika: "Shikamoo shangazi. Nililala kwa rafiki." Nikafuta "nililala", nikaweka "nimelala", kana kwamba wakati wa kitenzi ungenisaidia kitu. Nikatuma.

Tiki mbili za bluu. Kimya.

Swali hilo limenikaa wiki ya sita sasa. Naandika nipumue.

## Vitunguu Ruaha Mbuyuni, simu Mikumi

Utetezi wangu wote ulikuwa wa pesa. Nilijitetea nao kichwani boti nzima mpaka tunafunga kamba Malindi, bandari ya Unguja.

Nilikuwa naenda semina ya siku tatu Unguja. Posho ya semina, mnajua, hulipwa siku ya mwisho ukishasaini karatasi tatu, kwa hiyo kwenda unajigharamia kwa imani. Nilitoka Iringa saa tatu asubuhi nikitegemea kuingia stendi ya Mbezi, Dar, jua likizama. Mlima Kitonga tukakuta lori la mbao limekata kona vibaya, limelala katikati ya njia. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Watu wanashuka kujinyoosha, wanapanda, wanashuka tena, kila mtu amekuwa trafiki.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu. Vya nani? Vya shangazi. Hiyo ndiyo sehemu inayonitesa. Vitunguu vile nilivinunua kwa nia safi, nikavichagua kimoja kimoja dirishani huku kondakta anapiga bodi kwa kiganja, nikijua vinakwenda Chamazi.

Mikumi nikapiga simu gesti.

Ruaha Mbuyuni mpaka Mikumi ni mwendo wa saa moja na kitu. Ndani ya hiyo saa moja na kitu kuna mtu alifanya uamuzi, na humo kwenye basi hakuna mtu mwingine aliyekuwa anakwenda kwa shangazi yangu.

Hesabu nilizopiga ni hizi. Basi likiingia Mbezi Luis saa nne na nusu usiku, Chamazi ni upande wa pili wa mji kabisa: Ubungo, Barabara ya Mandela, Mbagala Rangi Tatu, halafu ndiyo uianze njia ya Mbande. Bajaji ya kukodi usiku ule isingeshuka elfu thelathini na tano. Alfajiri niwe bandarini kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana yake niondoke Chamazi saa kumi, kwa bodaboda, elfu kumi na tano nyingine. Halafu huwezi kuingia kwa mtu mzima na vitunguu peke yake. Sukari, mchele, mkate wa watoto. Jumla inakaribia elfu sabini, kwa usingizi wa saa tatu. Gesti Magomeni, elfu ishirini.

Hesabu inakubali. Hata baba yangu, ambaye ni kaka yake, angeikubali, mradi usimtajie ni hesabu ya nini.

## Lala unakoondokea

Kwa wanaopita Dar usiku mmoja tu, niwape nilichojifunza kwa gharama.

Zamani, enzi za stendi ya Ubungo, nililala Manzese kwa sababu nilishukia Ubungo. Stendi ilipohamia Mbezi Luis, Februari 2021, nikalala Mbezi kwa sababu nilishukia Mbezi. Mchovu hafikiri. Ukishuka na begi, umezungukwa na vijana wawili, mmoja anasema "dada gesti hii hapa elfu kumi", unamfuata. (Si elfu kumi. Ukifika inakuwa kumi na tano, na ndani yake kuna cha juu chake.) Asubuhi unatoka Mbezi na watu wote wa Kibamba, Kimara na Ubungo wanaokwenda mjini kazini, saa ile ile. Kilomita hazifiki 30. Boti ya Unguja imewahi kuondoka mimi nimesimama ndani ya basi la mwendokasi pale Jangwani, nimebanwa na begi la mtu mgongoni.

Tangu hapo, hata nichoke vipi, usiku ule ule nasogea mpaka karibu na ninakoondokea kesho. Nikiwa na boti ya asubuhi, nalala Magomeni, Kariakoo au Kisutu. Nikiwa na ndege ya alfajiri, nalala njia ya Nyerere, Kipawa huko. Basi la asubuhi, hapo Mbezi ina haki yake. Usiku barabara ni nyeupe, unavuka mji kwa nusu ya muda wa asubuhi. Usingizi unaoupoteza usiku ni mdogo kuliko ule utakaoupoteza kwa wasiwasi.

Kingine: gesti nzuri za bei ya kawaida haziko kwenye programu za simu. Ukizifungua unaonyeshwa mahoteli ya Posta na Masaki, picha ya taulo lililokunjwa kama bata. Gesti ya elfu ishirini iliyo safi na yenye maji inaishi kwenye simu za watu. Mimi namba ya Magomeni nilipewa na mwenzangu ofisini, ambaye alipewa na wifi yake, ambaye alikuwa anakwenda kliniki Muhimbili. Na nilielekezwa nisikosee: "Sema umetumwa na mama wa kliniki." Nikasema. Mhudumu akacheka, bei ikabaki ile ile, lakini chumba kikapatikana.

Hosteli za dini nazo ni nzuri, hasa kwa mwanamke aliye peke yake. Msimbazi Centre pale Ilala, YWCA mjini. Tatizo letu ni kwamba tunazikumbuka tukiwa tumeshafika Chalinze.

Na kuna shule mpya ya wasiolala kabisa. Toka 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, wengi wanageuza kiti cha basi kuwa gesti: unapanda usiku, unaamkia Mbezi, unaoga choo cha kulipia, unaendelea. Nilijaribu mara moja. Semina nzima nilikuwa kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa. Watu wa Morogoro na Dodoma ndio sitaki hata kuongea nao, tangu treni ya umeme ianze 2024 wanaingia Dar asubuhi na jioni wako makwao, wanatuuliza sisi wa Nyanda za Juu, "Kwani lazima mlale?"

Lazima, ndugu zangu. Reli hiyo haiji Iringa.

## KULALA na KUPUMZIKA

Nilishuka Magomeni Mapipa karibu saa sita usiku. Gesti iko mtaa wa ndani, mlango wa bluu, taa ya tyubu inayokonyeza. Mapokezi ni meza moja nyuma ya nondo, na nyuma ya nondo mama wa makamo amejifunga kanga, anaangalia tamthilia kwenye simu. Ukutani, kwa herufi za mkono:

KULALA 20,000
KUPUMZIKA 10,000 (SAA 2)
MALIPO KABLA YA HUDUMA
KUTOKA SAA 4:00 ASUBUHI
UONGOZI HAUTAHUSIKA NA UPOTEVU WA MALI YAKO

Kwa Kiswahili cha gesti, kupumzika ni kazi nzito kuliko kulala.

"Karibu dada. Wawili?"

"Mmoja."

"Mwenzio anakuja?"

"Haji."

Alinitazama kidogo, si kwa ubaya, akasogeza kitabu. Kile kitabu kirefu cha mistari, biro imefungwa kwa uzi ili isisafiri na wageni. Jina. Kabila. Umri. Kazi. Unakotoka. Unakokwenda. Namba ya kitambulisho. Simu. Saini. Kwenye kazi niliandika mwalimu. Mimi si mwalimu. Lakini mwanamke aliye peke yake saa sita usiku akiwa mwalimu hupewa ufunguo kwa sauti nyingine, nimelijua hilo zamani. Unakotoka, Iringa. Unakokwenda, Unguja. Hakuna safu inayouliza ndugu yako wa hapa mjini ni nani. Ingekuwepo sijui ningeandika nini.

Chumba namba saba. Kwanza komeo. Sitazami kitanda wala feni kabla ya komeo la ndani. Lilikuwepo, zito, la chuma, limechongewa nafasi yake. Pili godoro: nikainua pembe, nikamulika mishono kwa tochi ya simu kutafuta kunguni. Safi. Chandarua kilikuwa na tundu moja lililofungwa fundo, kazi ya mtu mwenye akili. Feni ya darini ina kasi moja tu, ile ya mwisho. Sabuni ya kipande bado iko kwenye karatasi yake. Na chini ya kitanda kandambili, zimekatwa pembe kwa kisu ili zisiibwe, zimeandikwa 7 kwa kalamu nyeusi.

Zote mbili za kushoto.

Nilizivaa hivyo hivyo kwenda bafuni, mguu wa kulia ukilalamika, nikacheka peke yangu. Nilioga kwa ndoo na kopo. Niliporudi nikalala chali, feni inazunguka kama inataka kuondoka na paa, na nikajisikia vizuri. Nasema kweli. Hakuna aliyenisubiri na chakula. Hakuna wa kumsimulia msiba wa nani na mahari ya nani mpaka saa nane usiku. Nilikuwa nimejinunulia usiku ambao haumdai mtu.

Mfuko wa vitunguu ulikuwa kwenye kiti, unanuka kidogo kidogo.

## Mama wa chumba namba nne

Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta bombani uani, anajaza ndoo. Maji yalikuwa yanatoka kama uzi, kwa hiyo muda wa kuongea ulikuwepo.

Alikuwa mama wa kutoka Songea. Mtoto wake, miaka minne, kalazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ule ulikuwa usiku wake wa kumi na moja pale gesti. Vyumba vya choo cha nje ni elfu kumi na tano, lakini baada ya wiki mhudumu alimshushia mpaka kumi na mbili bila kuombwa. Kila siku anatembea kwa miguu mpaka Upanga na kurudi. Ana hesabu zake kwenye nyuma ya kadi ya kliniki, vistari vidogo vidogo, kila usiku kistari.

Nikamwambia pole. Halafu, kwa sababu mdomo wangu haujui pa kuishia, nikamuuliza kama hana ndugu hapa Dar.

"Ninaye. Mdogo wangu kabisa wa damu. Kivule."

Akaigeuza ndoo kidogo ili uzi wa maji uingie vizuri.

"Ana chumba na sebule, watoto wanne, na mumewe kwa sasa hana kazi. Angeniambia njoo. Angenipa kitanda. Nimemwambia nalala wodini na mtoto."

Sikujibu. Ningejibu nini? Yeye yuko usiku wa kumi na moja, ana mtoto kitandani, na amedanganya ili mdogo wake asibanwe. Mimi niko usiku mmoja, nina mfuko wa vitunguu, na nilikuwa bado sijadanganya. Zilikuwa zimebaki kama saa mbili.

Ndiyo maana swali la shangazi lilipoingia kwenye boti, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeazima wa mwenzangu. Wake ulikuwa na sababu, wangu nikaupachika sababu baadaye.

## Vitunguu vilivyovuka bahari mara mbili

Semina ikaisha, posho ikatoka, nikarudi kwa boti ya mchana na haluwa na vitunguu vile vile. Safari hii nilikwenda moja kwa moja Rangi Tatu, nikapanda gari la Mbande, nikashuka Chamazi jua lipo.

Shangazi alinipokea kama siku zote. Akachukua begi, akaniletea maji ya kunawa, akauliza habari za baba, za mahindi, za baridi. Kuhusu kulala hakugusa. Nilimsubiri aulize jioni nzima. Tulikula wali na kuku, na kwa ninavyolijua banda lile, yule alikuwa jogoo wa pekee. Mjukuu wake mdogo alinitazama nakula paja kwa macho ya mtu aliyekuwa na urafiki na paja hilo.

Nikapewa chumba. Kitanda, chandarua kipya, shuka zenye mikunjo ya sandukuni. "Pumzika, mwanangu," akasema, nikakumbuka ule ukuta wa Magomeni nikajizuia kucheka.

Saa nane usiku nikatoka kwenda chooni. Choo kiko uani, lazima upite sebuleni. Nikawasha tochi ya simu, nikaizima haraka.

Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Chini mkeka, juu ya mkeka godoro jembamba la watoto, na juu yake wajukuu wawili na shangazi katikati yao. Kanga aliyojifunika alikuwa amewavutia wao. Miguu yake ilikuwa nje, na mmoja ni ule unaomsumbua, uliovimba kifundoni. Mbu walikuwa wanaimba.

Nimelala nyumba ile mara nane au tisa maishani mwangu. Sikuwahi kuamka usiku.

Nilisimama pale na haja yangu ikanipotea. Nilijiuliza kama nimwamshe tubadilishane. Najua angenijibu nini. Najua pia kwamba angeniona nimeona, na hilo kwa shangazi ni baya kuliko mbu. Nikarudi kitandani kwa ncha za vidole. Usingizi haukuja mpaka adhana.

## Ungo

Asubuhi alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa pembeni yake kwenye kigoda.

"Shangazi, siku ile nililala gesti."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Una rafiki gani Dar nisiyemjua?" Akatupa kijiwe. "Ilikuwa safi?"

Sikulitegemea hilo. Nikasema ilikuwa safi.

"Bei gani?"

"Elfu ishirini."

"Ina feni?"

"Ina feni."

Akapepeta kidogo, mchele ukaruka ukarudi. "Mimi umri wote huu sijawahi kulala gesti," akasema. Na mpaka leo sijajua alikuwa anajisifu au anasikitika. Aliolewa akaletwa Dar kutoka kwa babu, na kila alikosafiri tangu hapo alikuwa na ndugu. Labda hakuna usiku hata mmoja katika maisha yake aliolala bila kuwa shangazi wa mtu, au mke wa mtu, au mgeni wa mtu. Nilitaka kumwambia kuhusu komeo na feni na ule uhuru wa kuoga bila kuulizwa maji yametosha. Nikaona nitasikika kama najigamba.

Nikasema la pesa badala yake. Nikamtajia bajaji, bodaboda, saa kumi alfajiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Sidhani kama aliona kosa kwenye hesabu.

"Hapo kitabuni," akasema, "uliandika namba ya nani?"

"Yangu."

"Yako." Kijiwe kingine kikaenda uani. "Sasa ukifia humo ndani, watapiga simu yako?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo sijatoka mpaka leo. Nikiirudia, wakati mwingine namwona ana haki yote: nimepita kwenye mji wake usiku kama mwizi, na kama lile komeo zito lingegoma kufunguka asubuhi, mtu pekee mwenye haki ya kujua asingejua. Wakati mwingine nakiona kifundo chake kilichovimba na nasema hapana, silali tena pale kwa usiku mmoja wa kupita, nikija nije siku tatu, nipike mimi, nilale chini mimi. Halafu nakumbuka kwamba nikilala chini nitakuwa nimemnyima kitu. Yule jogoo hakumchinja kwa bahati mbaya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema. Hawakutaja anaponea kwenye mkeka.

## Juzi

Juzi jioni simu ikaita. Shangazi hapigi, hutuma ujumbe, kwa hiyo nilipokea nimeshasimama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi, ile gesti yako ya Magomeni."

"Gesti yangu?"

"Si yako? Ina choo cha ndani?"

Binti yake mkubwa anaolewa mwezi ujao. Wanashuka watu kumi na wawili kutoka Iringa kwa usiku mmoja, ukumbi uko Kinondoni, na kesho yake wanageuza. Alikuwa amekaa na jirani yake wakapanga mikeka kwa kichwa, wakapanga na sebule ya jirani, hawakuenea.

Nikamwambia vipo vyumba vya choo cha ndani na vya choo cha nje. Wazee wapewe vya ndani. Nikamwonya kuhusu kandambili.

"Mjomba wako apewe cha peke yake, anakoroma. Na umwambie huyo mama wakija wengi atoze kumi na tano."

"Nitamwambia."

"Baba yako usimwambie kwanza. Nitamwambia mwenyewe."

"Sawa shangazi."

Nikadhani amemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namba ya mhudumu ili nimtumie.

"Na kile kitabu chao," akasema, "pale kwenye simu waandike yangu. Wote kumi na wawili."